Mtihani wa Mgeni

Chuo kilipoanza kilikuwa na majengo mawili na bango moja. Jengo la kwanza lilikuwa madarasa. La pili lilikuwa kila kitu kingine: ofisi, maabara yenye sinki moja, na maktaba iliyowekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya rangi, hivyo wanafunzi walitoka kusoma wakiwa na elimu na kizunguzungu. Mwalimu wa fizikia, wakati huo kijana mwembamba asiye na hata mvi moja, alibeba kiti chake kichwani kwenda mkutanoni, maana viti vya chuo havikutosha na asiyebeba chake alisimama. Wanafunzi walimbandika jina la Kwa Nini, kwa sababu hilo ndilo swali alilouliza hata ukimwambia mvua inanyesha.

Bango ndilo lililobadilika kwanza. Chuo cha ualimu kikawa chuo cha ufundi, cha ufundi kikawa chuo kikuu, na kila serikali ilipobadili nia, fundi wa rangi alipanda ngazi akaandika juu ya maandishi ya zamani. Kisha yakaja maghorofa, lifti inayoongea, na geti lisilofunguka mpaka uguse kadi. Kwa Nini naye akawa profesa, akaota mvi. Hakununia mabadiliko. Lifti aliipenda hasa, kwa kuwa magoti yalishaanza kumgomea. Ikimtangazia ghorofa ya tatu, yeye huijibu ahsante, na walio ndani hucheka chini chini.

Kitu kimoja tu hakikuguswa miaka yote hiyo: mtihani wa mgeni. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alipaswa kutafuta mtu asiyesoma fizikia, amfundishe jambo moja, kisha amlete darasani. Siku hiyo mwanafunzi alikaa kimya, marufuku hata kukohoa, na profesa akamuuliza mgeni. Mgeni akieleza kwa maneno yake mwenyewe, mwanafunzi amefaulu. Akikariri kama kasuku, mwanafunzi akajipange upya. Wakaja akina shangazi, mafundi viatu, wapangaji, hata wakwe. Muuza nyama mmoja alieleza vizuri jinsi joto linavyosafiri kwenye chuma hadi akadai naye apewe cheti. Mkuu wa chuo wa sasa, mama mwenye ofisi ya vioo, enzi zake alifaulu kupitia kwa mjomba wake fundi cherehani, na hakuwahi kulisahau hilo.

Ndiyo maana alipomwita profesa ofisini aliona haya kusema. Profesa alikuwa anastaafu muhula huo ukiisha, na kamati ya mitaala ilitaka mitihani yote ifanywe kwenye kompyuta. Mkuu alikuwa ameutetea mtihani wa mgeni mpaka sauti ikamkauka, na alichoambulia ni hiki: utabaki ikiwa atapatikana mwalimu wa kuuendesha. Asipopatikana kabla ya profesa kuondoka, utafutwa. Na mwalimu wa fizikia aliyebaki alikuwa mmoja tu.

Huyo wanafunzi walimwita Dokta Slaidi. Kijana mzuri, ana adabu zake, kichwa chake chepesi, ila hakuweza kusema hata habari za asubuhi bila kuwasha projekta. Profesa alipomwomba aurithi mtihani, kijana alijikuna shingo. Akasema kila mgeni ni tofauti na mwenzake, alama zitapimwaje, watu watalalamika. Profesa akamjibu kwamba basi aujaribu yeye kwanza. Jumamosi aje nyumbani amfundishe mke wa profesa kwa nini meli ya chuma inaelea na sindano inazama. Akiona hauna maana, hatasumbuliwa tena.

Mke wa profesa alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mwenye mikono mikubwa na subira kubwa zaidi. Dokta Slaidi alimwamkia, akafungua kompyuta yake kwenye meza ya chakula, akaanza. Picha zilikuwepo, mishale ilikuwepo, grafu nazo zilikuwepo kwa rangi zote. Mama alitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha profesa akakohoa, akauliza swali la mtihani: kwa nini meli inaelea?

“Mwanangu, nisikudanganye,” mama alimwambia kijana. “Sijaelewa kitu.”

Kijana akafunga kompyuta polepole. Profesa, kwa nia njema kabisa, akasema labda mkewe amechoka leo, kwani jambo hilohilo yeye alimweleza tangu wakiwa wachumba, na alilielewa palepale.

“Sikulielewa,” mama akasema.

“Uliniambia umeelewa.”

“Ulikuwa umefurahi, baba watoto. Ningekukatizaje? Nilikuwa nakutazama wewe, si hiyo meli.”

“Na mwangwi niliokueleza?”

“Na mwangwi.”

Akauliza kuhusu upinde wa mvua, sauti imeshapungua, na mama akakiri kwamba huo aliuelewa nusu. Profesa aliumia, tusifichane. Alikuwa ametembea kifua mbele maisha yake yote akijua kwamba hata darasa zima likisinzia, nyumbani yuko mtu mmoja anayemwelewa. Halafu akaukumbuka ule uso wa mchumba wake, ulivyokuwa ukimtazama bila kuchoka akizungumzia meli, na akashindwa kuendelea kununa.

Dokta Slaidi, asijue aweke wapi macho, alikusanya vikombe vya chai akavipeleka jikoni. Mama akamfuata, maana hakuwa mtu wa kumwachia mgeni vyombo. Profesa akabaki sebuleni, sikio limesimama. Alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Akasikia kijana akimwambia mama achukue sufuria tupu aisukume chini majini.

“Inakataa,” mama akasema.

“Nani anakataa, mama? Sufuria au maji?”

Kijana hakuongeza neno, na hapo profesa akasogea ukingoni mwa kiti, kwa kuwa kunyamaza mahali kama hapo ndiko kulikomchukua yeye muda mrefu kuliko yote kujifunza. Mama alianza kupanga vikombe ndani ya sufuria, kimoja kimoja. Akasema sufuria imeshuka na maji yamepanda. Kijana akamuuliza kwa nini, akanyamaza tena. Jibu lilimjaa profesa mdomoni mpaka akauma kidole. Kisha mama akatoka jikoni, mikono inachuruzika maji kwenye zulia, akamsimamia mumewe mbele.

“Sikiliza,” akasema. “Sufuria imeyahamisha maji mahali pake. Maji yanataka kurudi, ndiyo maana yanasukuma. Ukiyahamisha mengi, yanasukuma zaidi. Sindano inahamisha maji kiduchu, hayawezi kuibeba. Meli ni nzito, lakini ina tumbo.”

Uso wa mkewe ulikuwa unang'aa, na safari hii haukung'aa kwa ajili yake, uling'aa kwa ajili ya meli. Aliona wivu, na aliona raha, na raha ikashinda.

“Amefaulu,” akasema.

Dokta Slaidi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. Alisema mama yake mzazi mpaka leo anadhani kazi yake ni kutengeneza kompyuta, na yeye hajawahi kuhangaika kumweleza vingine.

“Profesa, niachie hilo darasa,” akasema.

Profesa akakubali upesi, akaongeza kwamba siku ya mtihani atakuja akae nyuma tu, asaidie kidogo. Mkewe akakataa. Alisema akiwepo yeye, wageni watamtazama usoni ili wajue wanasema sawa au la, na jibu litamponyoka. Profesa akabisha, lakini alijua ni kweli.

Siku ya mtihani ilipofika, aliamka mapema akavaa suti, akafunga tai, akakaa sebuleni akitazama ukuta. Saa ya darasa ilipogonga, mikono yake ikaanza kutafuta chaki mifukoni. Akamwita mkewe, akamvutia kiti.

“Kaa hapa, mama watoto, tuanze na mwangwi,” akasema. “Na leo usinifurahishe. Usipoelewa, sema.”