Mlevi wa Kichina na Uraka wa Mtawanya

Jumapili, saa kumi jioni, ndipo niliposhikishwa kipaza sauti.

Kabla ya hapo sauti yangu ilikuwa haijulikani mtaani kwetu Likombe. Hata shikamoo yangu haikusikika. Bibi aliyeuza karanga mlangoni pa banda la video la mjomba alishanitangaza mtaa mzima: "Yule mtoto haamkii watu." Naamkia, jamani, kila siku! Basi tu, ilikuwa inafia mdomoni.

Bandani kwetu mkanda hauangaliwi kimya. Mjomba alikaa pembeni ya televisheni akimsemea kila mtu kwa Kiswahili, hasa ile mikanda ya ngumi za kilevi, mzee anapepesuka, anaanguka, na kila akianguka teke lake linampata mtu. Kichina mjomba hakijui. Anawajua watu wake.

Siku hiyo mafua yalikuwa yamemkausha koo. Banda limejaa, mkanda umeanza, yeye anakwaruza tu.

"Tafsiri, bwana! Au tuhamie banda la sokoni?" mtu akapiga kelele. Wawili wakainuka.

Mjomba akanisukumia kipaza sauti. "Mpwa wangu, mkanda huu unaujua wote. Sema."

Kwetu mjomba akisema, hata mama habishi. Nikafumba macho. Nilijua pale mzee anapoinua kibuyu chake cha pombe.

"Uraka huu," nikasema, "mabibo yake yametoka hapo Mtawanya!"

Nikajua nimeharibu. Mara banda zima likalipuka kwa kicheko.

"Mwongezeeni huyo mzee!"

Nikafumbua macho. Maadui wamemzunguka, yeye anayumba kama mgomba. Nikakaza sauti: "Mnaozunguka ni nyie, au ni nyumba? Pangeni foleni niwapige vizuri!"

Watu wakapiga mabenchi. Wale wawili walikuwa wameshakaa zamani. Hakuna aliyetoka mpaka mwisho, na mjomba alicheka bila sauti, machozi yanamtoka. Nilijivuna, sifichi. Hata sasa ninavyoandika najivuna.

Asubuhi yake, nikiwa na sare ya shule, nilimkuta bibi anapanga karanga zake. Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, bibi!"

Kuku wakatawanyika.

"Marahaba, mlevi wangu," akasema. "Mimi siyo kiziwi lakini."

Nikamwamkia tena, makusudi.