Bi Kifutio Akwama Ubaoni

Wanafunzi wa chuo ndio waliombandika jina la Bi Kifutio, naye hakununa. Kila Jumatatu, kabla ya somo, humruhusu mwanafunzi yeyote amletee hesabu ambayo yeye mwalimu hajawahi kuiona, kisha akapambana nayo ubaoni mbele ya darasa zima. Huandika, hufuta, hujikuna mpaka kilemba kikahamia sikioni. Wahadhiri wenzake, watu ambao hawajakosea tangu wakabidhiwe funguo za ofisi, walimwonya kwamba anajivunjia heshima. Akawajibu kuwa heshima yake haina mifupa.

Muhula huu kulikuwa na kijana wa dirishani, wenzake wakimwita Kimya. Alifeli jaribio la kwanza, akaanza kula peke yake. Mwenzake wa chumbani akaja kumnong'oneza mwalimu: Kimya anaacha chuo Ijumaa, ameshajiaminisha kwamba wote wanaelewa isipokuwa yeye.

Jumatatu ikafika, Bi Kifutio akaona amtie moyo kijana kwa kukosea makusudi. Balaa ni kwamba mama wa watu kuigiza hajui. Alisema "loo, nimekosea" kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatika maji.

"Mwalimu, usituigizie bwana," akasema binti wa mstari wa mbele.

Darasa likaangua kicheko. Kimya hakucheka. Alijua anaigiziwa nani, akainamia meza.

Bi Kifutio akaona aibu. Akakiri kwamba ameigiza, tena vibaya, akaomba radhi na kutaka hesabu ngumu ya kweli. Binti yule akampa moja, na safari hii alikwama kikwelikweli. Njia ya kwanza iligonga ukuta. Ya pili ilimrudisha alikotoka, chaki imemjaa puani. Kipindi kikaisha.

"Imenishinda," akasema. "Nani mwingine imemshinda?"

Mikono ikapanda, hata ya yule aliyeongoza jaribio. Kimya akageuka kuitazama, kama mtu aliyegundua kwamba nyumba nzima inakoroma, si yeye tu. Akanyoosha na wake.

Wenzake walipotoka, alibaki.

"Mwalimu, je, tukianzia chini, kwenye mwisho wa hesabu, tukapanda juu?"

"Jaribu, baba."

Wakaanzia chini, wakakwama wote wawili, mpaka mfagizi akawafukuza.

Ijumaa asubuhi Kimya alikuwa mlangoni pa ofisi na njia nyingine, mbovu vilevile. Bi Kifutio akaisoma, akamvutia kiti, akamwambia ubovu huu angalau unaelekea mahali.