Waya Chini ya Pazia

Mume wangu alipofariki nilikaa eda katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake, huku Junda. Mlangoni palitundikwa pazia zito. Sikuilalamikia eda yenyewe, kwani nilitaka kumlilia mume wangu kwa utulivu. Kilichonitoa machozi ya hasira ni intaneti.

Intaneti ya nyumba nzima iliingia kwa waya mmoja kutoka nguzoni hadi ukumbini, na huko huko ikakwama. Kompyuta ya shemeji yangu ilipata, ya binti yake ilipata. Yangu, nyuma ya kuta zile za mawe, ilizungusha kiduara mpaka kichwa kikaniuma. Nilikuwa naingiza hesabu za ofisi moja ya mizigo, na mkubwa wangu alikuwa amenivumilia hadi mwisho wa juma. Kazi ile ndiyo iliyokuwa njia yangu ya kutoka. Eda ikisha, nilitaka kupanga chumba changu mwenyewe, hata kule mtaa wa Shika Adabu, ng'ambo ya Likoni, nipike nipendacho. Sikumwambia mtu.

Mama mkwe, Mungu amjalie heri, akamwita fundi avute waya mwingine hadi kwangu. Lakini fundi ni mwanamume: hakuweza kuvuka pazia, na sauti yangu nayo haikutakiwa imfikie. Basi mama akaweka kigoda mlangoni, akawa msemaji wetu. Fundi akaupitisha waya chini ya pazia.

"Mama, mwambie achomeke kwa kompyuta," fundi akasema.

"Mwanangu, chomeka!" mama akapaza sauti, utadhani mimi niko Malindi.

Nikachomeka. Fundi akauliza kama taa ya kwenye tundu la waya imewaka. Nikanong'ona kwamba haijawaka. Mama akamgeukia: "Alhamdulillahi, baba. Ahsante sana. Karibu chai."

Ndivyo alivyolelewa. Mgeni akikuuliza hali, huanzi na mabaya. Mabaya huja baadaye, chai ikishanyweka. Fundi, mtu wa bara, hakuyajua hayo. Nilisikia koleo lake likirudi mkobani, nikaiona kazi yangu ikiondoka naye.

"Haijawaka!" nikapiga kelele.

Niliona aibu, na hasira juu ya aibu. Fundi akalitoa tena koleo. Akauvuta waya, akakata ncha, akautia kichwa kipya, akaurudisha. Kitaa kidogo kikawaka. Nilituma zile hesabu huku nalia.

Fundi alipokwenda, mama akaingia. Nilijiandaa kukaripiwa. Badala yake aliinama akaupapasa ule waya, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Umepata, mwanangu. Ntamwambia shemejiyo atoboe ukuta, upite vizuri. Hata eda ikisha, kazi hini utaifanyia papa hapa. Wende wapi tena?"

Nikautazama waya, nikamtazama yeye.

"Alhamdulillahi, mama," nikajibu.