Nilivyowaita wanafunzi wakimbizi kwenye kura, wakaja na sahani

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na wa kunisuta wapo humu humu jukwaani, kwa hiyo sina pa kuchomekea chai ya uongo.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa kijana, Mhangaza wa Mbuba, huku mpakani, nimetoka chuo na fizikia yangu kichwani. Nikapata kazi kambini, kufundisha kozi ya sayansi na ufundi kwa vijana Warundi.

Darasa lilianza limejaa hadi madirishani. Likaanza kupungua. Leo hayupo huyu, kesho yule.

Mratibu wa kozi, mama mmoja wa Bukoba asiyecheka hovyo, akaniita. "Mwalimu, wanafunzi wako wanayeyuka. Wakiendelea hivi kozi tunafunga, wewe urudi Mbuba ukalime."

Nikaona tuchague kiongozi wa darasa, awe anawafuata wenzake kwenye mahema. Nikatangaza: "Jumamosi waje wote, hata walioacha. Kutakuwa na kura."

Sasa wakuu, sisi huku R na L zinabadilishana zamu bila kutuuliza. Mdomoni ilitoka "kula".

Jumamosi nafika, darasa limefurika! Kila mtu na sahani. Jenerose, binti aliyekuwa moto wa kuotea mbali kwenye hesabu kabla hajaacha, kaja na mtoto mgongoni.

"Amahoro mwalimu," akanisalimu. "Chakula kiko wapi?"

Nikapaza sauti. "Jamani, nilisema kula! Kula ya kuchagua!"

Wakapiga makofi. "Ya kuchagua! Kwa hiyo na wali upo?"

Ningefanyaje? Nikaenda kuchukua maharage na ndizi zangu zote, tukainjika sufuria kubwa nyuma ya darasa.

Maharage yanachemka, figa moja likateleza, sufuria ikainama. Jenerose akadaka mti mrefu, akauchomeka chini ya sufuria, akaweka jiwe chini ya mti, akakandamiza ncha ya pili; upande ule ukainuka taratibu hadi figa likarudishwa.

Nikapiga kelele kwa Kihangaza: "Hiyo ndiyo nyenzo niliyowafundisha!"

"Kumbe ndiyo ile?" Jenerose akauliza kwa Kirundi. "Mwalimu, darasani nilikuwa naitikia tu. Kiswahili chako sikukipata hata nusu. Na mtoto sina wa kumwachia, nikaona nikae nyumbani."

Wakuu, Kihangaza na Kirundi ni ndugu kabisa. Sokoni tulikuwa tunaelewana vizuri tu, ila darasani nilikomaa na Kiswahili kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa.

Siku ile tulichora nyenzo chini kwenye vumbi hadi maharage yakapoa, kura yenyewe tukaisahau.

Tangu hapo kila Jumamosi tulipika, kila mmoja akija na chochote. Maswali tunayafanya kwa vikundi, kwa Kirundi, mtoto wa Jenerose anazunguka mikononi mwa watu. Walioacha wakarudi na kubaki. Karibu wote wakamaliza kozi.

Siku ya vyeti, mratibu akamwomba Jenerose awaeleze wageni siri ya kufaulu.

Akasimama. "Fizikia haikuwa ngumu. Aliyekuwa mgumu ni mwalimu."

Mama wa Bukoba alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Mara ya kwanza kumwona akicheka.

Nilichojifunza: mwanafunzi akiacha sayansi, usikimbilie kusema hana kichwa. Muulize kwanza anakwama wapi, tena kwa lugha anayootea ndoto.

Walimu wa sayansi humu, nyie mliwashikaje wanafunzi wenu wasikimbie? Funguka mkuu, nasoma kila comment.