Kuachiwa Si Kupewa

Asubuhi za kesi, nyumba yetu ya mtaa wa Saio ilinukia makaa na kitambaa chenye joto, kwa sababu mama hakumruhusu mtu mwingine kulipiga pasi joho lake jeusi. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa kwetu kuwa hakimu mjini Bunia, na majirani walimwita Mama Juge, yaani Mama Hakimu, kwa fahari, kana kwamba joho lilikuwa la mtaa mzima. Vita vilikuwa vimenyamaza bila kwisha. Tuliwapungia mikono askari wa kulinda amani, huku tukijua mitaa ambayo hatukupaswa kukanyaga. Likizo moja, nilipokuwa na miaka kumi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kubaki nami nyumbani, nilishinda kwenye benchi la nyuma mahakamani.

Kesi iliyotutikisa ilikuwa ya mjane wa kijiji cha Bogoro aliyemdai jirani yake wa zamani shamba lake. Jirani alikuwa mtu wa kabila letu, mjane hakuwa. Karani, mgeni aliyezoea Kilingala, alikuwa ameandika kwa Kifaransa kwamba mjane alikiri kumpa jirani shamba hilo. Mjomba, kaka yake mama, alikuja kutukumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nami, nasema kwa aibu, niliomba mjane ashindwe ili watu waendelee kutusalimu. Lakini mama aliyaweka kando maandishi ya karani, akamtaka mjane aseme mwenyewe.

"Nilimuachia shamba," mjane alisema.

"Ulimupatia ikuwe yake, ao ulimuachia tu achunge?" mama aliuliza.

"Nilikuwa nakimbia vita, mama. Mutu mwenye anakimbia anapatiaka watu mashamba?"

Mjane alishinda. Jumapili iliyofuata tulikaa benchi zima peke yetu kanisani, na mjomba hakukanyaga tena kwetu. Nilimuuliza mama kwa hasira kwa nini hakutufikiria sisi. Alisema alitufikiria sana, ndiyo maana aliiandika hukumu mara tatu kabla ya kuisoma.

Leo mama amestaafu. Mahakama ile ina mahakimu wanawake kadhaa, na kwenye sherehe zao humsimamisha mbele wakampigia makofi. Vijijini watu wanakimbia tena. Mwaka jana mjomba naye alikimbia, akamwachia shamba jirani asiye wa kabila letu, na jirani huyo sasa anasema alipewa. Mjomba alikuja Saio, kofia mkononi, akauliza kama hukumu ile ya mjane bado ipo. Mama alimpa kiti, akaenda kuitafuta.