Maini Yaliyolazwa Kwenye Spiriti

Maabara nzima walimwita Mama Wembe, na jina hakulichukia. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akikata maini ya panya vipande vyembamba kuliko karatasi, na aliyethubutu kubishana naye kuhusu unene wa kipande alijitafutia aibu ya bure.

Safari hii nusu ya panya walikuwa wazima, nusu walikuwa na tegu, mnyoo ambaye mabuu yake hujenga fuko ndani ya ini. Mnyoo huyo hawezi kujitengenezea mafuta, huyanyang'anya ya mwenyeji wake. Daktari, mkuu wa maabara, alitaka kujua basi ini hubaki na nini. Mama Wembe akavipaka vipande rangi nyekundu inayoshika mafuta. Maini ya wazima yakajaa madoa mekundu. Ya wagonjwa hayakuwa na hata doa moja! Daktari nusura acheze. Siku ile ile akaanza kuandika ripoti.

Mama Wembe naye akaifikisha habari nyumbani moto moto, maana mdogo wake alikuwa na fuko kama hilo kwenye ini na alikuwa akimeza dawa.

"Linakumaliza mafuta hilo, mdogo wangu. Kula vya kukaanga, ufidie."

Mdogo mtu akatii. Mboga zikawa zinaelea kwenye mafuta, na kila akimaliza kula anajikunja, ameshika ubavu wa kulia, anasema atazoea tu.

Jumatatu, tone la mafuta lilidondoka kwenye lenzi ya hadubini. Mama Wembe akalifuta kwa pamba yenye spiriti, likatoka lote mara moja. Akabaki ameishika ile pamba.

Kanuni ilisema maini ya wagonjwa yagandishwe siku kadhaa kwa baridi kali, mnyoo afe, basi. Lakini tangu mdogo wake augue, yeye hakuiamini baridi. Kimyakimya, kwa woga wake mwenyewe, kila nusu ya ini aliyoitoa kwenye friza alikuwa akiilaza kwanza kwenye spiriti kabla ya kuikata. Maini ya wazima hakuyalaza. Kumbe mafuta yaliyeyushwa na spiriti, na tegu wa watu kasingiziwa!

Hakuna aliyemwona, na mwezi uliofuata alikuwa anastaafu kwa heshima zake zote. Angenyamaza, nani angejua? Alikaa na swali hilo kwa muda wa kunywa chai, kisha akaenda kugonga mlango wa Daktari.

"Ripoti usiitume. Nimeyaharibu maini mimi."

Daktari alisikiliza mpaka mwisho, uso umemsawijika. "Mama, wewe? Wewe wa kufundisha wengine?"

"Mimi. Nusu ya kila ini bado iko kwenye friza, haijaguswa. Nipe siku nne."

Akajifunga kibwebwe. Maini arobaini, moja baada ya jingine, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na kila aliyetaka kumsaidia alifukuzwa kwa macho. Siku ya nne akainama kwenye hadubini. Maini ya wagonjwa yalikuwa na mafuta. Mengine machache, mengine kupita hata ya wazima. Daktari alishika kichwa, kazi ikaanza upya.

Jioni hiyo Mama Wembe alimkuta mdogo wake jikoni, kikaango mkononi. Akakipokea, akakiweka chini.

"Nilikudanganya bila kujua. Hayo mafuta yanakuumiza bure. Kesho tunakwenda wote kwa daktari wako, atuambie yeye ule nini."

Mdogo wake alimtazama sana. "Umejua leo?"

"Jumatatu."

"Jumatatu! Dada, siku nne naumwa na wewe unajua? Daktari wako ulimwambia lini?"

"Jumatatu hiyo hiyo."

"Kwa nini hukuanza na mimi?"

Mama Wembe machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Kwake nilikuwa naogopa kupoteza heshima ya kazi tu. Kwako nilikuwa naogopa hivi unavyoniangalia sasa."

Mdogo wake akavuta kigoda, akaketi taratibu, mkono ubavuni.

"Basi leo pika wewe," akasema. "Chemsha. Na uanze kula wewe, nikiona."