Wiki Nane za Nyama ya Mbuzi

Niyibizi ni mlinzi wa usiku, na ukimwuliza kazi yake atakujibu kwa kifua mbele. Hakuangukia ulinzi kwa kukosa kingine. Alitoka Kumsenga akiwa kijana wa shamba la mihogo, akalinda ghala la chakula kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli mpaka kambi ilipofungwa, na katika zamu yake halikupotea hata gunia moja. Mzungu aliyekuwa bosi wake, siku anafungasha mizigo, alimwachia barua ya kumsifia na mbwa mchanga wa manjano. Barua ililiwa na mchwa. Mbwa ndiye aliyempatia kazi Kasulu.

Majirani walimcheka kwa kulea mbwa wa kizungu kama mtoto, naye akampa jina Mtasema. Gharibu, mfanyabiashara wa maharage mwenye ghala karibu na stendi, alimwajiri kwa laki moja na nusu kwa mwezi, akaongeza elfu thelathini za mbwa. Gharibu mwenyewe mbwa hamgusi, na akimpita hukusanya kanzu yake pembeni. Lakini ghala lilikuwa limeshavunjwa mara mbili mwaka ule, na tangu Mtasema aanze kulala mlangoni halikuvunjwa tena.

Mimi naitwa Mwanaheri. Nina duka la dawa za mifugo nyuma ya soko, na cheti changu cha tiba nimekitundika ukutani kwa ajili ya wale wasioamini. Watu huniuliza mtoto wa Kiislamu wa Tanga unashikaje mbwa. Huwajibu kwamba maji ya kunawa yapo. Nasema haya ili ujue kwamba sikuipenda kesi hii kwa sababu ya mbwa. Niliipenda kwa sababu ya Niyibizi, maana wateja wangu wengi huja kuulizia bei na kuondoka, na yeye alikuja kuulizia ugonjwa.

"Mwakeye, daktari," alinisalimu kwa Kiha asubuhi ya kwanza, katoka zamu, macho mekundu. "Huyu anajikuna mpaka anatoka damu."

Tumbo la mbwa lilikuwa limeiva, masikio yananuka, miguu ameilamba mpaka manyoya yamekwisha. Na mgongo mzima ulikuwa mweusi, umepakwa oili chafu ya gari.

"Nani kakwambia umpake hii?"

"Fundi wa pikipiki. Alisema ni dawa ya upele."

"Basi pikipiki ikiugua niletee mimi."

Nilimwogesha mbwa, nikamkwangua ngozi, nikaangalia kwenye hadubini. Kipimo hicho elfu kumi na tano. Utitiri wa upele haukuwepo. Viroboto tuliwamaliza kwa elfu nane nyingine, na bado alijikuna. Nikamweleza Niyibizi kwamba huu ni mzio, mwili unakataa kitu fulani, na kazi sasa ni kukijua. Kipimo cha damu kingepaswa kwenda Dar es Salaam na kutoka huko kisafirishwe nje ya nchi, si chini ya laki saba, na kwa mzio wa chakula hakiaminiki sana. Sindano za kutuliza zipo kwa elfu ishirini, lakini ukizizoea zinamla mbwa kwa ndani.

Ilibaki njia moja ya mtu wa kipato chake. Kwa wiki nane mbwa ale chakula ambacho hajawahi kula maishani, hicho tu, asilambe hata sahani. Mtasema alikuwa amelelewa kwa ugali na dagaa, kama mbwa wote wa Kasulu na nusu ya watu wake. Nikaandika: viazi vitamu na nyama ya mbuzi, robo kilo kwa siku.

"Na mimi nitakula nini?" aliuliza, akacheka. Nami nikacheka.

Aliuza baiskeli yake apate pesa ya nyama. Tangu siku ile akawa anatembea kwa miguu kwenda ghalani na kurudi, mwendo wa karibu saa nzima. Gharibu naye alishampa muda: ndani ya miezi miwili mbwa apone au aondoke, na mlinzi asiye na mbwa hapati zile elfu thelathini.

Kwa kuwa Niyibizi hulala mchana, mbwa alipaswa kulishwa na mkewe. Nilimwambia amlete mkewe huyo, Jeanne, dukani. Jeanne alizaliwa kambini Mtabila, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa Burundi, akaolewa na Niyibizi kabla kambi hiyo haijafungwa. Ni mwanamke mtulivu, haongei mpaka umalize. Nilimsomea masharti yote, naye akayarudia moja baada ya jingine bila kukosea. Nilimsifu mbele ya mumewe. Nilisema laiti wateja wangu wote wangekuwa na wake wa namna ile.

Kila Ijumaa walikuja wote wawili. Jeanne alikaa kwenye benchi, akaweka kichwa cha mbwa magotini, nami nikahesabu madonda.

"Amekula?"

"Amekula, daktari."

"Hakuna kingine kilichoingia?"

"Hakuna."

Wiki ya nne madonda yalikuwa yale yale. Wiki ya sita yaliongezeka, nikajipa moyo kwamba wengine huchelewa. Wiki ya nane nilichukua kadi ya Mtasema nikaandika kwa mkono wangu kwamba chakula si chanzo. Niyibizi aliisoma kadi ile mara mbili. Kisha akauliza vile vidonge vya kuzuia mwasho nilivyowahi kumtajia ni shilingi ngapi.

Vidonge hivyo ni vipya, huagizwa Dar, laki moja na ishirini kwa mwezi. Alilipa mwezi mmoja, sijui kwa kukopa wapi. Mbwa akatulia, manyoya yakaanza kuota tumboni, na Niyibizi akaniletea mkungu wa ndizi begani kwa furaha. Mwezi ukaisha, pesa ya mwezi wa pili haikupatikana, na kabla ya siku kumi damu ilikuwa imerudi.

Gharibu hakuwa mtu mbaya. Alivumilia zaidi ya mwezi mmoja juu ya muda alioutoa. "Lakini Niyibizi," alisema mbele yangu, "wanunuzi wanamwona huyu mlangoni, wanadhani na maharage yangu yana upele. Mtoe, la sivyo nitamwekea sumu."

Tulimtafutia mtu wa kumchukua, hakuna aliyemtaka. Niyibizi aliniomba nimchome sindano mimi, asife kwa sumu akijinyonganyonga. Nilimchoma asubuhi moja nyuma ya ghala. Niyibizi alimshika kifua na Jeanne alimshika kichwa, na Jeanne alilia kuliko mumewe. Nilimwonea huruma sana. Nikakataa malipo.

Baada ya wiki mbili Niyibizi alinitumia malipo yale kwa simu, kwa nguvu, maana hataki kudaiwa. Nikaenda kwake mchana kumrudishia. Alikuwa ameshaamka, amekaa mlangoni. Watoto wao walikuwa wametoka shule, wanakula ugali na dagaa chini, na Jeanne anawapakulia. Nilikuwa na jambo lililonikera, nikalisema. Nilikuwa nimemwandikia mwalimu wangu wa zamani kule Morogoro kumweleza kesi ya Mtasema, naye akanijibu kwamba dalili zote ni za mzio wa chakula, je, nina hakika na ile nyama?

"Mwambie tulifuata," Niyibizi alisema. "Hata kichwa cha dagaa hakikuingia."

Jeanne aliweka sufuria chini.

"Haikufika," alisema.

Sikuelewa. Niyibizi naye hakuelewa.

"Ile nyama haikufika kwa mbwa. Hata siku moja. Nilikuwa nawapikia watoto ukiwa umelala. Mbwa alikula uporo wao wa ugali na dagaa."

Nitasema nilivyojisikia, sitajifanya mtu mzima. Nilitamani kumzaba kibao. Ijumaa nane alinitazama usoni akaniambia amekula. Niliandika uongo wake kwenye kadi yangu, kwa kalamu yangu, na kwa uongo ule nikamuua mnyama ambaye dawa yake ilikuwa kubadilishiwa bakuli. Nilikumbuka jinsi nilivyomsifu mbele ya mumewe, uso ukanichoma.

Niyibizi hakupaza sauti. Ningeona nafuu kama angepaza.

"Ulimshika kichwa," alisema. "Kila wiki ulimshika kichwa. Daktari anakuuliza, unajibu. Niliuza baiskeli, Jeanne. Nimekuwa natembea na giza. Na siku ile nyuma ya ghala ulimshika tena, ukijua, ukanyamaza."

"Nilitaka kusema siku ile."

"Hukusema."

"Nilikuogopa."

"Mimi? Nimewahi kukunyanyulia mkono mimi? Ungeniambia tu kwamba watoto wanataka nyama. Neno moja. Ningewapa."

Nilitikisa kichwa kukubaliana naye. Nilikuwa upande wake wote, na nilitaka mwanamke yule ajue hivyo.

Jeanne alifuta mikono kwenye kanga. "Nilikuambia, Baba Nadège. Wiki ya kwanza kabisa. Nilikuambia watoto wanasikia harufu ya nyama wakiingia, halafu nawapa mboga. Nikakuomba tuwagawie hata siku moja kwa wiki. Ukaniambia watoto hawajikuni."

Nilimgeukia Niyibizi. Nilingoja akatae, na Mungu anisamehe, niliomba akatae. Aliangalia kule watoto walikokuwa wamekaa. Nadège, mkubwa wao, alikuwa ameacha kula na mkono wake ungali ndani ya sahani.

Hakukataa. Aliniomba, kwa adabu kabisa, niwaache peke yao.